Tuma na ya kutolea: hesabu za nyumba ya watu wanne

Nyumba nyingi za Ngamiani, hapa Tanga, zina umbo moja: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Wakiipanga marafiki wanne, kila mmoja anapata mlango wake, lakini mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, inabaki moja, na siku hizi ruta ya intaneti nayo ni moja. Vitu viwili hivyo ndivyo vinavyoleta maneno, na maneno yenyewe huanza kwa namna ileile, kwenye grupu la WhatsApp, saa nne usiku:

“Jamani umeme umeisha. Zamu ya nani?”
“Mie nilinunua juzi tu, elfu ishirini.”
“Elfu ishirini ya juzi imekwenda wapi?”
“Muulize mwenye kompyuta.”

Mwenye kompyuta anaona anaonewa, kwa sababu kuna mtu anapika maharage kwa jiko la koili na hakuna anayemgusa. Kila mtu ana hoja, hakuna mwenye namba. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuachia tu maelezo ya daftari lenyewe lipigwe mistari vipi. Nitaanza na umeme, nije kwenye ruta, halafu karatasi ya hesabu. Na hilo swali la “zamu ya nani” nalipinga kabisa. Nyumba ya marafiki haihitaji zamu.

Anza na risiti. Ujumbe wa LUKU unaoingia kwenye simu hauna tokeni ya tarakimu 20 peke yake. Umeandika pia uniti ulizopata na makato yake: VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Nyumba iliyo kwenye daraja la T1, la matumizi ya kawaida, huuziwa uniti kwa shilingi 292 kabla ya makato hayo, na yakiingia inafika kama 356. Ndiyo maana elfu kumi hukupa uniti 28 na nukta. Lipo daraja la D1 la watumiaji wadogo, ambalo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kabla ya kodi, lakini watu wanne wenye friji huzimaliza 75 kabla ya nusu ya mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni 350. Usikariri bei ya jirani. Chukua fedha uliyolipa, gawa kwa uniti ulizopewa, utaona mwenyewe uko wapi.

Ila kabla ya kugawa, toa kodi ya jengo. Hii huwachanganya wengi. Nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, na inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Anayenunua elfu ishirini tarehe mbili anapata uniti 51.9, anayenunua elfu ishirini tarehe kumi na mbili anapata 56.1. Wa kwanza ataambiwa kanunua pungufu, au atadhani mtandao umemwibia. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayeilipa kupitia mita aiandike pembeni na kumkata mwenye nyumba siku ya kulipa pango, risiti mkononi. Kwa mwaka ni 18,000, si fedha ya kusamehe kwa haya.

Kuna jingine linalowapata wanaohamia nyumba iliyokaa imefungwa muda mrefu: tokeni mpya inakataliwa, na mtu ananunua ya pili, nayo inakataliwa. Mita hizi huhesabu muda wa tokeni kwa dakika tangu mwanzo wa 1993, ndani ya nafasi ya biti 24 (biti ni tarakimu ya 0 au 1). Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216, kama miaka 32 hivi, na hesabu ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita zilizotumika ziliboreshwa kabla ya siku hiyo kwa kuingiza makundi matatu ya tarakimu 20. Iliyolala haikuboreshwa. Kabla ya kununua tokeni ya pili, omba TANESCO hayo makundi matatu ya mita hiyo.

Sasa nani anakula umeme? Watu hugombana juu ya vitu vidogo kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Simu, kwa mfano. Betri ya 5,000 mAh hubeba kama wati-saa 19 (uniti moja ni wati-saa 1,000). Pamoja na kinachopotea kwenye chaja tuseme 25. Ukiichaji kila siku mwezi mzima ni robo tatu ya uniti, yaani shilingi 267. Anayemnunia mwenzake kwa kuwa na simu mbili ananunia maandazi mawili kwa mwezi. Kompyuta mpakato inayovuta wastani wa wati 30 kwa saa sita kila siku inafika uniti 5.4, chini ya shilingi elfu mbili. Ruta ya wati 10 haizimwi usiku wala mchana: uniti 7.2, shilingi 2,565. Feni ya wati 55 kwa saa nane za usiku ni uniti 13 na kidogo, na wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, hapa Tanga hakuna anayelala bila feni, basi hiyo nayo ni ya wote.

Ukitoka hapo ndipo unakutana na walaji wenyewe. Kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu pamoja na skrini yake, wati 250 kwa saa nne, ni uniti moja kwa siku, sawa na friji dogo la mlango mmoja. Tofauti ni kwamba friji ni la nyumba nzima na gemu ni la mtu mmoja. Jiko la koili la wati 1,500 likikaa na sufuria ya maharage saa mbili linakula uniti 3, shilingi 1,068 kwa sufuria moja. (Yaloweke usiku, muda unapungua sana.) Kiyoyozi cha nguvu-farasi moja huvuta kama wati 800 kinapozunguka, hata kikipumzika nusu ya usiku wa saa nane ni uniti 3.2, na kwa mwezi uniti 96, zaidi ya shilingi 34,000. Mwenye kiyoyozi afungiwe mita ndogo yake na fundi umeme, na mjadala uishie hapo. Hasira ya watu watatu wenye feni haina dawa nyingine.

Ninavyoona mie, kitu kisichofika uniti 15 kwa mwezi kisipimwe. Gawa kwa vichwa na usahau. Kinachozidi 15, na ni cha mtu mmoja, kipimwe, na uniti zake zihesabiwe kwake kabla ya kugawa zilizobaki. Kupima kila kitu ni kuigeuza nyumba ofisi ya forodha.

Kipimo rahisi ni kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi, kifaa unakichomeka juu yake, kinaandika wati na uniti. Kiache wiki nzima. Siku moja hudanganya. Usipokuwa nacho, mita yenyewe ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake imeandikwa namba ya imp/kWh, yaani inapepesa mara ngapi kwa uniti moja. Zima kila kitu ndani isipokuwa hicho unachokipima. Hesabu taa imepepesa mara ngapi kwa dakika moja, zidisha kwa 60,000, gawa kwa namba ile ya imp/kWh. Mita ya 1,000 ikipepesa mara nne kwa dakika, kifaa kinavuta wati 240. Kwenye mita za kisasa zenye kibodi ndani na mita juu ya nguzo, taa ya kuhesabu ni ile ya juu, kwa hiyo mmoja asimame nje na mwingine awe ndani kwenye swichi. Halafu fanya na jaribio la pili: zima vyote, friji na ruta pia. Taa ikiendelea kupepesa, ama kuna waya unaovuja, ama kuna mtu kaunganisha kwako. Hapo ndipo mwite fundi.

Intaneti ni ugomvi wa aina nyingine, maana bando la mwezi lisilo na kikomo cha GB lina bei ileile atumie mmoja au watumie wanne. Fedha yake igawanywe kwa vichwa, hata kwa anayesema “mie WhatsApp tu”. Kinachogombewa ni kasi.

Muuzaji anasema Mbps, kompyuta inakuonyesha MB. Ile b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ina biti nane. Intaneti ya Mbps 10 inashusha MB 1.25 kwa sekunde. Faili la GB 1 litachukua dakika 13 na sekunde kadhaa hata kama nyumba nzima imelala. Netflix wenyewe wanashauri Mbps 3 kwa picha ya 720p na 5 kwa 1080p. Wawili wakitazama 1080p vyumbani mwao, kumi imekwisha. Wakishuka wote 720p watatu wanatosha, na kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti.

Lakini mara nyingi mchawi si anayetazama filamu. Ni simu iliyolala kitandani. Mtu anarudi harusini na picha mia mbili na video kumi, simu inaona waifai, na Google Photos inaanza kuzipandisha. Njia ya kupandisha ni nyembamba kuliko ya kushusha. Na kila kipande unachoshusha, kompyuta yako hutuma juu neno la “nimepata” ili kije kingine. Njia ya juu ikijaa picha za harusi, hayo maneno madogo yanapanga foleni nyuma yake, na nyumba nzima inaona intaneti imekufa ingawa hakuna anayeshusha kitu kikubwa. Simu za WhatsApp zinakatakata, gemu linaganda. Dawa ni kusimamisha hifadhi ya picha mpaka watu walale. Kama ruta ina sehemu ya kugawa kasi, weka kikomo cha kupandisha kwenye asilimia 85 hivi ya kasi uliyoipima, na foleni hiyo itapungua sana.

Mwingine ni Windows. Kompyuta tatu ndani ya nyumba moja zitashusha sasisho lilelile mara tatu, na kila mwenye nayo ataapa hakugusa kitu, kweli hakugusa. Ndani ya mipangilio ya Windows Update, kwenye chaguo za ziada, kuna sehemu ya Delivery Optimization. Iwashe, na uchague kompyuta za mtandao wa ndani tu, si za intaneti nzima. Moja ikishusha, wenzake wanaweza kuchukua vipande kwake kupitia ruta bila kugusa bando. Na kama bando lenu ni la GB zinazohesabiwa, mwambie Windows kwamba waifai hiyo ni ya kulipia kwa kipimo (metered), nayo masasisho mengi makubwa itayazuia. Ila usiache hivyo mwaka mzima, masasisho ya usalama yana kazi yake.

Ruta ikae wapi? Ya 4G ina mahitaji mawili yanayogombana: inataka dirisha linalotazama mnara, na waifai inataka katikati ya nyumba. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, kwa kawaida 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1, anwani imeandikwa chini ya ruta, utafute namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara. Ni namba hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Hasi 85 ni nzuri, hasi 110 ni shida. Tembea nayo nyumba nzima kwa waya mrefu wa umeme, simama nusu dakika kila mahali, andika. Kama ukumbini unapata hasi 95 na dirishani hasi 90, iache ukumbini, juu, mbali na kioo na friji. Kama dirishani ni bora kwa 15 au zaidi, iweke dirishani na uvute kebo ya mtandao mpaka ukumbini kwa ruta ya pili. Chumba cha uani kikikosa kabisa, mkazi wake ahamie waifai ya 2.4 GHz, ya 5 GHz ina kasi lakini haipendi kuta, na ukuta wa mawe ya zamani huimeza.

Mitaa ya ufukweni kama Raskazone na Sahare, ongeza na chumvi ya bahari. Pini ya adapta inaota kutu ya kijani, ruta inazimika na kuwaka, watu wanalaumu mtandao. Ifute kwa spiriti. Na anayenunua adapta mpya asome ile ya zamani kwanza: ruta ya 12V ikipewa 9V huwasha taa zote kisha inajizima pale tu watu wanapoanza kuitumia, na ya 12V amp 2 ikipewa adapta ya nusu amp ni yaleyale.

Nenosiri: usidhani ni siri. Simu yoyote ya Android ya miaka ya karibuni iliyounganishwa inaweza kuonyesha msimbo wa QR, na mgeni akaupiga picha. Washa mtandao wa wageni wenye nenosiri lake, libadilishe kila mwanzo wa mwezi, na la wenyeji libaki kwa wenyeji. Na kabla ya kurukia ruta siku intaneti ikizama, waulize watu wa mtaa mwingine wenye mtandao mwingine. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima, na nina hakika ruta nyingi zilizimwa na kuwashwa siku ile bila kosa lolote.

Sasa karatasi. Google Sheets inatosha, ni bure, na inafunguka kwenye simu. Safu ya A tarehe, B aliyelipa, C kitu, D kiasi; halafu E mpaka H fungu la kila chumba kwenye malipo hayo. Vyumba viitwe Mbele, Kati, Uani na Masta, si majina ya watu, kwa sababu watu huhama na vyumba vinabaki. Salio la kila chumba ni alicholipa ukitoa mafungu yake:

=SUMIF(B2:B200,"Mbele",D2:D200)-SUM(E2:E200)

Chini yake weka seli moja inayojumlisha masalio yote manne. Lazima isome sifuri. Isiposoma, kuna mstari mmoja ambao mafungu hayajumlishi kiasi, au jina limeandikwa vibaya.

Tuchukue mwezi mmoja. LUKU imenunuliwa mara tatu, elfu ishirini kila mara: Mbele mara moja, ndiye aliyekatwa kodi ya jengo, kwa hiyo yake inaandikwa 18,500 na ile 1,500 ni ya mwenye nyumba, Kati mara mbili. Jumla 58,500 kwa uniti 164. Kompyuta ya Kati imepimwa uniti 30, jiko la Uani uniti 25. Zinabaki 109, kila mmoja 27.25. Kwa 356, Mbele na Masta ni 9,700 kila mmoja, Kati 20,400, Uani 18,600. Inapungua mia kwa sababu ya kuzungusha. Mwenye gemu ataibeba, 20,500. Wangegawana sawa, kila mmoja angetoa 14,625, yaani Mbele na Masta wangelipia gemu na maharage yasiyo yao karibu elfu tano kila mmoja. Hapo ndipo manung'uniko yanapozaliwa, na yana haki.

Intaneti tuseme ni 70,000, kalipa Masta. Kila mmoja 17,500. Maji ya Tanga UWASA tuseme 24,000, kalipa Mbele. Kila mmoja 6,000. Uani hajalipa kitu mwezi huo. Masalio yanakuja hivi: Mbele anadai 9,300, Masta anadai 36,800, Kati anadaiwa 4,000, Uani anadaiwa 42,100. Jumla sifuri.

Kama kila bili ingelipwa kivyake, watatu wakimtumia aliyelipa, kwa bili tano hizo ni miamala 15, kila mmoja na makato yake. Kwa masalio ni mitatu: Uani amtumie Masta 36,800 na Mbele 5,300, Kati amtumie Mbele 4,000. Kwa watu wanne haizidi mitatu hata siku moja. Idadi ya watu ukitoa mmoja, basi.

Lakini hata hiyo mitatu si lazima. Aliyedaiwa zaidi ndiye anunue tokeni inayofuata. Hiyo ndiyo namna ninayoitetea. Umeme ukiisha saa nne usiku hakuna kuuliza zamu. Fungua karatasi, aliye chini kabisa ananunua, tokeni anaibandika kwenye grupu. Uani ananunua LUKU ya elfu ishirini, fungu lake mwenyewe limo humo, na deni lake linapungua bila kumtumia mtu shilingi. Anayelipa bando la mwezi ujao ni yeye tena. Mwisho wa mwezi kinachobaki kutumwa ni kidogo sana. Namba ya mita iwekwe kwenye maelezo ya grupu, maana tokeni ya mita nyingine haiingii kwako hata uibembeleze.

Na hii ndiyo inayofuta ule mzozo wa “tuma na ya kutolea”. Anayedai anataka apate yake kamili mkononi, anayedaiwa anaona alishalipa makato ya kutuma, kwa nini alipe na ya mwenzie kutolea? Wote wana haki, na mshindi ni kampuni ya simu. Fedha ya nyumba isitolewe kwa wakala kabisa. Ikiingia kwenye simu, itoke humohumo kama LUKU, bando au bili ya maji. Mkishindwana, makato ya kutuma ni ya mtumaji, ya kutoa ni ya mtoaji, muandike hivyo juu ya karatasi kabla ya mwezi wa kwanza.

Karatasi yenyewe huharibika kwa njia tatu nne zinazojulikana. Mtu anaandika “20,000/=” au “elfu 20”, seli inakuwa maneno, SUM inairuka bila kupiga kelele. Mwingine anaandika 20.000 kwa nukta na karatasi inasoma ishirini. Mwingine anaacha nafasi baada ya neno “Mbele ”, na kwa SUMIF huyo ni mtu mwingine. Na tarehe 03/04 inasomwa Machi 4 kama faili limepangwa kwa utaratibu wa Marekani. Badilisha kwenye mipangilio ya faili, chagua Uingereza, siku inatangulia mwezi. Safu ya B iwe orodha ya kuchagua, safu ya D ikubali namba tu, fomula zifungwe zisiguswe. Akitokea wa kubisha kwamba mstari wake umefutwa, historia ya matoleo inaonyesha nani kabadilisha nini na saa ngapi. Ukiitaja tu, mabishano hupungua.

Programu ya Splitwise hufanya hesabu hiihii na ina kitufe cha kurahisisha madeni, ila toleo la bure lina kikomo cha maingizo kwa siku, na uniti za LUKU utapaswa kuzikokotoa nje yake vilevile. Kwa safari ya Lushoto ya siku mbili inafaa. Kwa nyumba, karatasi.

Siku mmoja akihama ndipo daftari linapimwa. Vitu vya pamoja viwe vimeandikwa bei na umri tangu vinaponunuliwa: ruta ya 120,000 kwa watu wanne ni 30,000 kila mmoja, mkaipa miezi 24, kila mwezi unakula 1,250. Anayetoka baada ya miezi kumi anarudishiwa 17,500, na anayeingia ndiye anayemlipa. Uniti zilizobaki kwenye mita asubuhi ya kuhama zipigwe picha, zizidishwe kwa 356, robo yake ni yake. Kwenye karatasi aachiwe haki ya kutazama, ya kuandika iondolewe. Na laini iliyo ndani ya ruta, kama imesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA na alama za vidole vyake, ni ya kwake, bando lililobaki likiwemo. Basi mmoja wa wanaobaki akasajili laini nyingine kwa jina lake siku hiyohiyo, kabla guta la vyombo halijaondoka barazani.